Chumvi kwenye chupa

Nimetoka sasa hivi kwenye kikao cha kikundi chetu cha wakulima na lazima niandike.

Zamani kila mtu aliuza nafaka yake mara tu baada ya kuvuna, bei ikiwa chini kabisa. Sasa tunakusanya, tunahifadhi na kuuza pamoja. Sehemu ya faida inabaki kwenye mfuko wa kikundi.

Leo binti mdogo kuliko sote ndiye aliyepima unyevu wa nafaka kwenye mizigo.

Chupa kavu ya kioo. Nafaka kidogo. Chumvi kavu. Akatikisa, akaiacha itulie.

Chumvi ikinata kwenye kioo, unyevu umezidi asilimia 15 hivi. Nafaka hiyo ikiingia ghalani itaota ukungu, na ukungu ndio unaoleta sumukuvu, sumu inayodhuru mlaji.

Ikanata.

Na mzigo ulikuwa wa mzee tunayemheshimu sana! Wengine tukaangalia chini.

Mzee akaishika chupa, akaigeuza kwenye mwanga, akasema, "Haya mwanangu, naenda kuanika tena."

Nimefurahi mno. Mnunuzi akituamini, ni kwa sababu ya binti huyu.

Wenzangu mlio kwenye vikundi na ushirika, kwenu nani anapima ubora? Na mnamlipa? Niambieni, tunataka kuanza kumlipa wetu.