Umri wa kunywa Marekani: kwa nini 21 ibaki, hasa kwetu tunaolea watoto Texas

Kila msimu wa mahafali ya hai skuli, mwezi wa 5 na wa 6, swali hili huibuka kwenye nyumba zetu za Dallas na Houston: mtoto ana miaka 18, anapiga kura, anaweza kuingia jeshini, kwa nini asifunguliwe bia moja mbele ya wajomba zake? Kenya, Tanzania na Uganda sheria ni 18. Hoja hiyo ina uzito, na Wamarekani wenyewe waliwahi kuifuata. Marekebisho ya 26 ya Katiba yalipowapa kura vijana wa miaka 18 mwaka 1971, majimbo mengi yalishusha na umri wa kunywa.

Kilichowarudisha nyuma ni barabara. Kijana wa jimbo lenye 21 alivuka mpaka kwenda kunywa jimbo lenye 18, kisha akarudi usiku akiendesha. Mwaka 1984 Rais Reagan alisaini sheria ya kulikata fedha za barabara kuu jimbo litakaloruhusu walio chini ya 21 kununua pombe. South Dakota ilipinga, ikashindwa Mahakama ya Juu mwaka 1987, na kufikia 1988 majimbo yote 50 yalikuwa na 21. Makato leo ni asilimia 8. Mwanasiasa wa jimbo akikuahidi kushusha umri, muulize kwanza pengo hilo ataliziba na nini.

Mwaka 2008 marais wa vyuo zaidi ya 100 walitaka sheria ijadiliwe upya, wakisema inawasukuma wanafunzi kunywa kwa kujificha na kwa pupa. Hilo lipo kweli. Lakini hai skuli inachanganya watoto wa miaka 14 na wa 18 kwenye korido moja, na anayeruhusiwa kununua ndiye atakayemnunulia mdogo wake. New Zealand ilishusha umri kutoka 20 hadi 18 mwaka 1999, na utafiti uliofuata ulikuta ajali zinazojeruhi zimeongezeka, ukilinganisha na vijana wa miaka 20 hadi 24, hata kwa wale wa 15 hadi 17 ambao sheria haikuwagusa. Tena Texas hakuna matatu wala daladala ya usiku. Kijana aliyekunywa hurudi akiwa ameshika usukani.

Anayetaka mwanawe ajifunze kunywa kwa kiasi tayari ana njia. Texas inamruhusu aliye chini ya 21 kunywa iwapo mzazi wake au mlezi wake wa kisheria yupo na anamwona. Mjomba hahesabiki, wala rafiki wa baba, na ruhusa yako haimgusi mtoto wa jirani. Hapo ndipo sherehe zetu zinapoharibika, kwa sababu kwetu kila mtu mzima ni mzazi. Kumpa pombe mtoto wa mwenzio ni kosa linaloweza kukutia jela hadi mwaka 1, au faini hadi dola 4,000, au vyote viwili. Kijana mwenyewe akikutwa na pombe kwa mara ya kwanza, faini hufika dola 500, pamoja na kozi ya madhara ya pombe, saa 8 hadi 12 za kazi za jamii, na leseni kufungiwa siku 30.

Akiendesha, ile 0.08 ya watu wazima (kikomo cha asilimia ya kilevi kwenye damu) haimhusu: kiasi chochote cha kilevi kinachogundulika ni kosa. Kipimo kimoja hapa ni gramu 14 za alkoholi, yaani bia ya mililita 355 yenye asilimia 5. Chupa ya nusu lita ya nguvu hiyohiyo ni vipimo 1.4, kwa hiyo mbili zinakaribia 3. Mwili huondoa takriban 0.015 kwa saa. Mwenye 0.06 saa sita usiku atakuwa safi alfajiri ya saa kumi, na kahawa haiharakishi chochote.

Kwa mhamiaji, faini ndiyo sehemu nyepesi. Mwanafunzi wa F-1, yaani viza ya masomo, anaweza kufutiwa viza kwa kukamatwa tu akiendesha amelewa, kabla ya hukumu. Akitoka nchini, ataomba upya na kupitia kwa daktari aliyeidhinishwa na ubalozi. Fomu N-400 ya uraia nayo inauliza kuhusu kukamatwa na kushtakiwa, kwa hiyo tunza karatasi ya mahakama inayoonyesha kesi iliishaje. Kitambulisho feki kinaweza kuwa kesi nzito kuliko pombe yenyewe, kwa kuwa kinagusa udanganyifu. Mtafute wakili wa uhamiaji kabla ya kukubali kosa lolote.

Na mfundishe mwanao hili kabla hajaenda chuo. Mwenzake akizimika, asiamke akitikiswa, au apumue kwa kusuasua, amlaze ubavu, asimwache peke yake, apige 911. Sheria ya Texas humkinga na shtaka la kunywa au kukutwa na pombe kijana wa kwanza kupiga simu, akibaki pale na kushirikiana na wahudumu na polisi. Wengi hawapigi kwa kuogopa tiketi.