Nilitaka mizani, nikapata maikrofoni

Kisahani chenyewe nilikitoa kwenye saa ya mezani iliyokuwa imekufa. Nilikuwa naifungua kwa udadisi tu, nione kama kuna cha kuokoa, na chini ya kifuniko cheusi chenye tundu katikati nikakikuta: duara la rangi ya dhahabu, jembamba kama kucha, upana wake milimita 27, na juu yake duara jingine dogo la rangi ya fedha. Kumbe hiki ndicho kilichokuwa kikipiga ile kelele ya asubuhi. Nyaya mbili nyembamba, basi. Hakuna sumaku, hakuna koili, hakuna karatasi ya spika.

Nilishasoma mahali kwamba vitu hivi, vinavyoitwa piezo, hufanya kazi pande zote mbili: ukivipa umeme vinajikunja, ukivikunja vinatoa umeme. Wazo likanijia papo hapo. Kama kukibonyeza kunatoa umeme, basi kukibonyeza zaidi kutatoa umeme zaidi, nami nitakuwa na mizani ya bure.

Nikaunganisha multimita, kile kifaa cha kupimia umeme, nikaiweka kwenye volti, nikabonyeza kwa kidole gumba. Namba ikaruka: 1.8. Nilifurahi kama mtoto. Lakini kidole kikiwa bado kimekandamiza, namba ikashuka, 0.4, halafu 0.1, halafu sifuri. Nikaongeza nguvu, ikaruka tena, ikafa tena. Nilipoachia ndipo nikashangaa zaidi: hasi 1.5, kisha sifuri. Nikaweka juu yake chupa ya maji ya lita moja. Ikaruka, ikafa. Chupa iko pale pale, uzito uko pale pale, multimita inasema hakuna kitu.

Siku mbili nzima nililaumu nyaya. Nilizibadilisha, nikakwangua miisho yake, nikabadilisha hata betri ya multimita. Mwisho nikakubali kwamba tatizo si nyaya, ni mimi sijui ninachokishika.

Mwaka 1880 ndugu wawili wa Ufaransa, Jacques na Pierre Curie, walibana fuwele za kwatzi, turmalini na nyinginezo, wakapima chaji iliyojitokeza kwenye nyuso zake. Mwaka uliofuata Gabriel Lippmann akaonyesha kwa hesabu kwamba kinyume chake nacho lazima kiwepo, yaani fuwele ikipewa umeme ibadilike umbo, na ndugu hao wakalithibitisha hilo kwa vipimo. Siri iko kwenye mpangilio wa ndani. Kwatzi ina silikoni yenye chaji chanya na oksijeni yenye chaji hasi. Fuwele ikiwa imetulia, kitovu cha chanya na kitovu cha hasi vinakaa mahali pamoja, kwa hiyo kwa nje huoni kitu. Ukiibana, umbo linapindika, vitovu vinaachana kidogo sana, na uso mmoja unakuwa chanya, wa pili hasi. Chumvi ya mezani nayo ina chanya na hasi, lakini imepangika sawasawa pande zote. Iminye utakavyo, vitovu havitaachana. Si kila fuwele ina kipaji hiki.

Hapo ndipo nilipoona kosa langu. Nilidhani kubana kunatoa umeme kama bomba linavyotoa maji, kwamba mradi mkono uko juu yake utaendelea kutiririka. Sivyo. Kubana kunasogeza chaji mara moja tu. Baada ya hapo chaji inakaa inasubiri njia ya kurudi, na njia niliitengeneza mwenyewe: multimita. Kisahani changu ni kapasita, yaani kihifadhi chaji, ndogo ya nanofaradi 20 hivi, na multimita za kawaida za dijitali zina ukinzani wa megaomu 10. Zidisha hivyo viwili, unapata sekunde 0.2. Ndani ya muda huo mfupi chaji imeshashuka hadi karibu theluthi. Kipimo kilikuwa kinakula kile kile nilichotaka kipime. Na ile hasi ya mwisho ilikuwa ni fuwele kurudi kwenye umbo lake, ikisogeza chaji upande wa pili.

Basi mizani nikaachana nayo. Mizani za dijitali hutumia kitu kingine kabisa, vipande vya metali ambavyo ukinzani wake hubadilika vikivutwa. Kisahani hakijui uzito, kinajua mabadiliko. Nikajiuliza, ni nini basi ambacho ni mabadiliko matupu? Sauti. Na gita lilikuwa limeegemea ukutani.

Kabla ya gita, nikiri kwamba kisahani cha kwanza nilikiua kwa mkono wangu. Waya ulikatika, nikachukua pasi ya kulehemu iliyokuwa kwenye nyuzi 400 za Selsiasi, nikaikandamiza juu ya ile sehemu ya fedha huku nikisubiri risasi ishike. Haikushika. Mbele ya macho yangu rangi ya fedha ikanywewa na tone la risasi, kikabaki kidoa cha kijivu kilichogoma kushika chochote. Na hata upande uliosalia ulikuwa umedhoofika; nikibonyeza, multimita haikuamka. Hiyo sehemu nyeupe chini ya fedha ni kauri, mara nyingi mchanganyiko wa risasi, zirkoni, titani na oksijeni unaofupishwa PZT. Kauri hii si fuwele moja, ni chembe nyingi ndogo za fuwele, kila moja imeelekea kwake. Kiwandani huziweka kwenye umeme mkali zikiwa na joto ili zikubali kuelekea upande mmoja. Ukizipasha kupita kiasi, zinasahau. Kwatzi haina udhaifu huo, lakini nayo ni bahili: inatoa kama pikokulombi 2.3 kwa kila nyutoni, wakati PZT inatoa mamia.

Kisahani cha pili nilikilehemu ukingoni kabisa, kwa kugusa na kuondoa, chini ya sekunde moja. Nikakibandika kwa gundi kwenye ubao wa gita karibu na daraja la nyuzi, waya moja kwa moja hadi kwenye mikisa, ile mashine ya kuchanganyia sauti. Nikapiga. Ilikuwa sauti ya bati. Nyuzi nyembamba zinakwaruza, nyuzi nene hazipo kabisa, kama vile mtu amezikata.

Rafiki yangu mmoja ambaye ni fundi wa vyombo vya muziki alicheka. "Kaka, mikisa yako inainywa sauti kabla haijafika. Itafutie mlinzi mlangoni." Nikaenda kufanya hesabu, na hesabu ilikuwa ile ile ya multimita, ila imegeuka sura. Ile njia ya mikisa niliyoitumia ina ukinzani wa kiloomu 10. Kwa kisahani cha nanofaradi 20, kila mtetemo ulio chini ya hezi 800 hivi unaanza kufifia, kwa kuwa ni wa polepole na chaji inapata muda wa kuvuja. Uzi mnene wa gita unatoa hezi 82. Hakukuwa na namna ungefika.

Mlinzi mwenyewe ni transista ya aina ya FET, ambayo inasikiliza volti bila kunyonya chaji, pamoja na resista ya megaomu 1 na betri ya volti 9. Kwa ukinzani huo mpaka unashuka hadi hezi 8, chini ya chochote ambacho gita linaweza kutoa. Nikaongeza diodi mbili za kinga, maana ukikigonga kisahani kwa nguvu kinaweza kurusha makumi ya volti na kuua transista. Kwenye kiberiti cha gesi kile cha kubonyeza, kisicho na jiwe, nyundo ndogo ya springi inagonga kauri kama hii na volti zinafika maelfu. Cheche unayoiona ndiyo hiyo. Ukaja mngurumo wa umeme wa nyumba, nikauondoa kwa waya wenye kinga na kwa kuunganisha upande wa metali na ardhi ya saketi.

Nilipopiga tena uzi mnene, spika ilitetemesha meza. Sasa nasikia mpaka kidole kinapoteleza kwenye uzi, jambo ambalo si zuri kila mara.

Tangu hapo macho yangu yamefunguka. Kwenye injini ya gari kuna piezo iliyofungwa kwa skrubu ikisikiliza kugongagonga kwa mlipuko usio wa wakati wake. Kifaa cha kupimia mimba kwa mawimbi kinatumia fuwele zile zile kupiga kelele tusizozisikia, za mamilioni ya hezi, kisha kunyamaza na kusikiliza mwangwi. Babu wa mbinu hiyo ni Paul Langevin, ambaye wakati wa Vita Kuu ya Kwanza alibana vipande vya kwatzi katikati ya sahani za chuma ili kutafuta nyambizi.

Ninachokitilia shaka ni zile ahadi za sakafu zitakazowasha mji kwa nyayo za watu. Nilipima cha kwangu. Kukigonga mpaka volti 20 kunahifadhi maikrojuli 4. Taa ndogo ya LED ya miliwati 40 ingehitaji mapigo 10,000 kama hayo ili iwake sekunde moja, hata kama hakuna kinachopotea njiani. Ndiyo, gizani nimeiona ikimeta nikigonga, na inapendeza. Ila ni kumeta.

Wiki iliyopita nilivaa vipokea sauti na kulaza saa yangu ya mkononi juu ya kisahani. Ndani ya saa hiyo kuna kijiuma cha kwatzi kinachotetemeka mara 32,768 kwa sekunde, na saketi inaigawa namba hiyo kwa mbili mara 15 mpaka ibaki moja. Kutetemeka kwenyewe siwezi kukusikia. Lakini ile moja inayobaki niliisikia vizuri sana, tak, tak, na nyuma ya kila tak kulikuwa na mguso wa pili mdogo, gia ikitulia mahali pake.