Siku ya Kwanza Kichuguuni: Saa 16 za Mrushaji Mgeni wa Ligi Kuu ya Besiboli

Kijana anapanda kichuguu, kile kilima kidogo cha mrushaji, kwa mara ya kwanza, mipira minne mfululizo inatoka nje, na mtazamaji anasema: "Ameogopa." Kazi ya urushaji haieleweki hata kwa wengi wanaoipenda, na neno hilo ndilo linaloipotosha zaidi. Kinachoharibika siku ya kwanza kina vipimo vyake, na unaweza kukipima kwa sentimita na kwa sekunde. Kwa hiyo tuifuate siku hiyo ilivyo kawaida yake. Tuseme ni Pittsburgh, mchezo unaanza saa 12:40 jioni, na kijana amepandishwa jana kutoka Indianapolis, ilipo timu ya ngazi ya AAA, ile iliyo chini tu ya ligi kuu, ya Pirates, timu ya Pittsburgh.

Saa 3 asubuhi. Anaamka hotelini. Amelala vibaya, maana simu haikukoma kulia tangu kocha wa Indianapolis alipomwita ofisini. Anakula mayai, wali au viazi, na maji mengi. Hadi saa 7 mchana hana kazi nyingine isipokuwa kutuliza mwili.

Saa 8 mchana. Anafika uwanjani, PNC Park, kando ya mto Allegheny. Kwanza ni karatasi. Timu ina wachezaji 26 walioruhusiwa kucheza, kwa hiyo yeye kuingia maana yake kuna mwenzake ametoka, na kabati analopewa pengine jana lilikuwa la huyo mwenzake. Mshahara wa chini wa ligi kuu kwa msimu wa 2026 ni dola 780,000, lakini hulipwa kwa siku: zaidi kidogo ya dola 4,000 kwa kila siku anayokuwa kwenye orodha. Mkataba wa 2023 uliweka kiwango cha chini cha AAA kuwa dola 35,800 kwa mwaka mzima. Siku tisa huku zinalipa kuliko msimu mzima kule, na hakuna mrushaji asiyeijua hesabu hiyo.

Kisha anapewa kofia yenye kispika kidogo ndani. Ndicho kinachomnong'oneza aina ya mpira na mahali pa kuupeleka, mdakaji, yule anayechuchumaa nyuma ya kibao, anapobonyeza kitufe.

Saa 9 alasiri ni kikao na mdakaji na kocha wa warushaji. Hapa ndipo warushaji wageni wengi hupewa mzigo usiobebeka. Wapigaji tisa, kila mmoja na sehemu anayoipenda na anayoichukia. Ukimpa kijana yote hayo kwa nusu saa, kichuguuni hatakumbuka hata moja. Kocha mzuri hupunguza: mawili kwa kila mpigaji, na kwa wanne wa kwanza tu. Wengine atakumbushwa kwenye benchi kati ya zamu. Tena anaambiwa jambo moja la sheria: kuanzia 2026 kila timu ina rufaa mbili za kupinga uamuzi wa mpira kuwa straiki (umepita eneo halali juu ya kibao) au kuwa nje, kamera ndizo zinazoamua, na mrushaji, mdakaji au mpigaji anaweza kukata rufaa kwa kugusa kichwa. Yeye asiguse. Mrushaji anamalizia mwendo wake ameinama na ameegemea upande, haoni vizuri. Rufaa amwachie mdakaji.

Saa 10 na saa 11: kukandwa bega, mikanda ya mpira ya kunyoosha misuli, mipira mizito ya kurushia ukutani, kukimbia kidogo.

Saa 12 kasoro jioni anatoka nje. Anarusha mipira mirefu na mwenzake, kuanzia mita 20 hivi na kurudi nyuma taratibu hadi mita 35 au zaidi. Dakika 20 kabla ya mchezo anaingia bulpeni, kile kiwanja kidogo cha kupashia mkono, na kurusha mipira 25 hadi 35: wa kasi kwanza, halafu chenjapu, ule wa polepole unaofanana na wa kasi, halafu slaida, ule unaopinda, na mitano ya mwisho kama vile kuna mpigaji kweli.

Hapa kuna mtego. Bulpeni ya siku ya kwanza mara nyingi huwa nzuri kupita kiasi. Mpira unatoka mkononi mwepesi, mdakaji hasogezi glavu. Kijana anaongeza mipira kumi kwa raha, na hiyo kumi mkono wake utaidai baadaye. Anayesimamia bulpeni anatakiwa kuhesabu kwa sauti na kumkatiza.

Saa 12:40. Timu mwenyeji ndiyo inayoanza kurusha, kwa hiyo hakuna kungoja.

Vipimo kwanza. Kutoka ubao anaokanyaga hadi kibao cha nyumbani ni mita 18.44. Kichuguu kina kimo cha sentimita 25.4, kipimo kilichopo tangu 1969. Kibao kina upana wa sentimita 43. Anapoachia mpira, mkono umeshatangulia karibu mita mbili mbele ya ubao, basi mpira unasafiri kama mita 16.5. Sasa chukua kosa la digrii moja tu kwenye mkono. Digrii moja kwa umbali huo ni sentimita 29 pembeni. Yaani ukilenga katikati ya kibao, digrii moja inakutoa nje. Mpigaji ana muda wa karibu sekunde 0.4 kwa mpira wa kilomita 153 kwa saa. Mrushaji ana digrii moja.

Na digrii hiyo inapoteaje? Moyo unapiga kwa nguvu, miguu ina nguvu kuliko kawaida, mwili unakimbilia mbele. Mpira wa kasi unaongezeka kilomita mbili au tatu kwa saa, na mashabiki wanashangilia namba kwenye ubao. Lakini bega la mbele linafunguka mapema, kiwiliwili kinageuka kabla mkono haujafika juu, mkono unachelewa, na mpira unaachiwa kabla ya wakati. Kwa mrushaji wa mkono wa kulia, mpira unapaa na kwenda upande wake wa kulia. Ukiona mipira mitatu imekwenda pale pale, juu na kulia, kasi yake ni ya kawaida au zaidi, usiseme ameogopa. Aliyeogopa hulegeza mkono. Huyu amekaza kila kitu.

Mpigaji wa kwanza anamaliza mipira saba na anapewa beisi ya bure, kwa kuwa minne kati yake ilikuwa nje. Kule AAA huenda angetolewa, kwa sababu wa kule angeifukuza ile slaida inayotumbukia chini nje ya kibao. Wa ligi kuu hawafukuzi. Wanaitazama ikipita, wanarudisha gongo begani, wanangoja. Hilo ndilo pengo kubwa kati ya ngazi hizo mbili, kubwa kuliko nguvu za mikono ya wapigaji: mpira uliokuwa ukimpa straiki ya tatu sasa unahesabiwa nje.

Kuna mkimbiaji kwenye beisi ya kwanza, na kazi inabadilika. Saa ya kurushia ni sekunde 15 beisi zikiwa tupu, 18 kukiwa na mkimbiaji. Anaruhusiwa kumtishia mkimbiaji au kuondoka ubaoni mara mbili tu. Akirusha beisini mara ya tatu asimtoe, mkimbiaji anasogea bure. Mgeni huzitumia zote mbili mapema, kwa kutaka kupumua. Sasa mkimbiaji anajua. Toka mguu unapoinuka hadi mpira kumfikia mdakaji inatakiwa sekunde 1.3 hivi, na mdakaji anahitaji karibu sekunde 2 kuufikisha beisi ya pili. Jumla ni 3.3. Kijana aliyejisahau na kuinua mguu juu kama yuko bulpeni anatumia 1.5 au 1.6, na hakuna mdakaji duniani wa kulipa deni hilo. Roger Clemens, katika mchezo wake wa kwanza Cleveland mwezi Mei 1984, aliibiwa beisi sita, yaani mara sita mkimbiaji alichomoka kwenda beisi inayofuata na kufika salama. Sita, siku moja, na yeye ndiye aliyekuja kushinda tuzo ya mrushaji bora, Cy Young, mara saba.

Mipira kumi na minane imeshatumika na hajamtoa mtu.

Sasa mdakaji anaomba chenjapu. Mpira huu hufanya kazi kwa kufanana na wa kasi mkononi na kupungua kilomita 13 hadi 16 kwa saa. Unashikwa ndani ya kiganja, kwa ulegevu, kama yai. Mkono uliojaa damu haujui ulegevu. Kijana anaubana, mpira unatoka na kasi ya ziada, tofauti inashuka hadi kilomita nane, na chenjapu inageuka kuwa mpira wa kasi uliochoka, katikati ya kibao, kiunoni mwa mpigaji. Unapaa na kuvuka ukuta. Mikimbio miwili, yaani pointi mbili, na wanaotazama wanalaumu uchaguzi wa mpira. Uchaguzi ulikuwa sahihi. Vidole ndivyo vilivyobana.

Na mpira wenyewe haumsaidii. Ni ngozi nyeupe, gramu 142 hadi 149, umepakwa tope maalumu la New Jersey kuondoa utelezi, na bado kiganja cha jasho huutelezesha. Anachoruhusiwa ni kile kifuko cha unga wa rosini nyuma ya kichuguu. Akitoka, mwamuzi atamkagua vidole na kiganja, kama wanavyokaguliwa warushaji wote tangu Juni 2021, na mgeni ambaye hakukumbushwa hushtuka akidhani ametuhumiwa.

Kocha wa warushaji anatoka kwenye benchi la ufundi. Ana sekunde 30. Huu si wakati wa somo la bega. Kocha anayejua kazi husema jambo moja ambalo mwili unaweza kulitii: vuta pumzi hadi saa ifike sekunde nane ndipo uanze, na lenga goti la mdakaji badala ya glavu. Kulenga chini kunakifanya kiwiliwili kingoje, mkono uwahi. Mdakaji naye anahamia katikati ya kibao, anaacha kuomba pembe. Wakati huo huo simu ya bulpeni imeshalia, mwenzake anaanza kupasha.

Hapo ndipo mara nyingi anapatikana wa kwanza. Straiki ya tatu, mpira wa kasi, mpigaji amechelewa. Mdakaji haurudishi mpira ule. Anaurusha kwenye benchi, na mhakiki wa ligi anaubandika stika yenye namba. Anayefuata anafika beisi ya kwanza, kisha mpira wa chini kwa mlinzi aliye kati ya beisi ya pili na ya tatu, watu wawili wametolewa kwa mpigo mmoja. Zamu imekwisha. Mipira 34. Timu nyingi hazipendi mkono mchanga uvuke 30 katika zamu moja, kwa sababu zinaamini kurusha umechoka ndani ya zamu kunaumiza kiwiko kuliko jumla ya mipira ya mchezo wote.

Zamu ya pili inapita kwa mipira 13. Ya tatu 15. Hakuna anayeziandika hizi, ingawa humo ndimo urushaji wenyewe ulimo: bega limetulia, chenjapu imelegea, mkimbiaji mmoja amebaki beisini bila kwenda popote. Baada ya hapo saa haina maana tena. Miguu inaisha kabla ya mkono, hatua ya mbele inakuwa fupi, slaida inaning'inia. Wapigaji wanakuja mara ya pili na wamekwisha kuuona kila mpira wake. Mipira 80 na kitu, wawili wako beisini, kocha mkuu anatembea kuelekea kichuguu na kunyoosha mkono apewe mpira.

Paul Skenes alitoka hivyo hivyo katika uwanja huu huu tarehe 11 Mei 2024, dhidi ya Cubs wa Chicago: zamu nne kamili, mipira 84, saba ametoa kwa straiki, na wawili aliowaacha beisini katika zamu ya tano wakaingia wakati yeye ameshakaa. Mikimbio yao iliandikwa kwake, kama sheria inavyotaka. Pirates walishinda 10 kwa 9, na mwisho wa mwaka huo alikuwa mgeni bora wa Ligi ya Taifa, moja ya ligi mbili zinazounda ligi kuu. Tom Glavine alianza vibaya zaidi, Houston, Agosti 1987: hakumaliza zamu ya nne, na alitoa beisi tano za bure. Alistaafu na ushindi 305.

Usiku umeshakwenda. Mazoezi mepesi ya bega, chakula, maswali ya waandishi dakika tano. Kwetu Afrika Mashariki kuna wanaoungoja usiku kama huu kwa namna yao: David Matoma wa Uganda alisaini na Pirates mwaka 2023, kutoka nchi iliyopeleka timu ya watoto wa Lugazi kwenye fainali za dunia za watoto huko Williamsport, Marekani, mwaka 2012, timu ya kwanza ya Afrika kuzicheza. Ngazi alizopanda kijana wa leo ndizo hizo hizo anazopandia yeye.

Kijana hafungui begi lake lote. Akirudishwa AAA kesho, sheria inataka mrushaji akae huko angalau siku 15, isipokuwa akiitwa kuziba nafasi ya majeruhi. Huenda akaitwa ofisini, huenda asiitwe.

Saa 7 usiku kocha anamtumia video mbili, sekunde nne kila moja, zimewekwa pamoja: mpira wa kwanza wa zamu ya kwanza na mpira wa kwanza wa zamu ya tatu. Zimesimamishwa pale mguu wa mbele unapogusa ardhi. Katika ya kwanza, jina la timu kifuani limeshaonekana lote. Katika ya pili, herufi mbili tu. Kesho ni kukimbia na vyuma vyepesi. Siku ya tatu, bulpeni ya mipira 25, kumi ya kwanza yote chenjapu.