Siku moja na mto Nyamwamba: kazi yangu Kasese, Uganda, msimu wa mvua

Saa kumi na moja alfajiri

Tangu Machi iingie, simu yangu inalala kando ya mto wa kitanda, haizimwi. Leo imelia kabla ya adhana. Ni kijana wetu wa Kilembe, juu kule bondeni. Ananiita musawo, yaani mhudumu wa afya.

"Musawo, umeamkaje? Usiku imenyesha mlimani. Hapa kwetu hata tone, lakini juu kule imemwagika. Maji yamebadilika rangi."

"Yamepanda?"

"Kidogo."

"Na mawe?"

"Mawe bado hayalii."

Mtu wa Kasese hahitaji kuelezwa hilo. Nyamwamba ukishiba mvua ya Rwenzori unaviringisha mawe chini ya maji, na mngurumo wake unakufikia kabla hujaona chochote. Mji wetu uko chini kwenye joto, mlima uko juu kwenye baridi. Unaweza kuanika nguo juani huku mafuriko yako njiani. Ndiyo maana tuna watu wa kutupigia simu kutoka juu. Hatuna king'ora kinachotosha, tuna wao.

Saa kumi na mbili na nusu

Nimevaa gambuti, nikashuka ukingoni. Tuna mti tuliousimika na vijana wa mtaa, una mistari mitatu ya rangi. Mstari wa kwanza, tunakaa macho. Wa pili, wazee, wagonjwa na watoto wanahama. Wa tatu, kila mtu anaondoka na godoro linabaki. Asubuhi hii maji yako chini ya mstari wa kwanza, rangi ya chai ya maziwa, na yamebeba matawi mabichi. Matawi mabichi yananisumbua kuliko rangi, maana yake kuna mahali huko juu ardhi imemeguka leo hii.

Wachimba mchanga wameshaingia majini. Nimewasalimu, nikawaomba mmoja wao abaki nje akiangalia juu ya mto wakati wenzake wanachimba. Kuwakataza kabisa sijaweza, kwa sababu mchanga ndio karo ya watoto wao.

Mimi ni msaidizi wa afya hapa mjini. Vyoo, migahawa, taka, mitaro, maji ya kunywa, yote yananihusu, na mvua zikija nahusika pia na watu wasikufe. Nilizaliwa kwenye nyumba za wafanyakazi wa mgodi wa shaba. Reli ilifika Kasese mwaka 1956 kwa ajili ya shaba ile, na watu walikuja kutoka kila upande, ndiyo maana nyumbani tulizungumza Kiswahili. Hadi leo nikitaka Mkonzo, Mtooro, Mnyankole na mgeni kutoka Kongo wanisikie kwa mara moja, nashika kipaza sauti na kusema Kiswahili.

Saa mbili

Ofisini. Kusaini, ripoti ya jana, foleni ya barua. Nimetoka haraka.

Saa tatu na nusu

Mtaro wa sokoni. Hapa nimekaa kwa muda wa karibu saa tatu nzima, na ningekaa zaidi.

Tulikuwa watu kumi na mmoja: mwenyekiti wa LC1 (baraza la mtaa), wanawake wa soko, vijana wanne wa boda na wafagiaji wetu. Koleo la kwanza lilipozama kwenye mdomo wa kalvati halikugusa maji, lilikwama. Tukaanza kuvuta kwa mikono. Makavera, mifuko ya plastiki, makavera, makavera, yamesukana kama mkeka. Ndani yake maganda ya ndizi, pumba, ndala ya mtoto ya mguu wa kushoto, shuka nzima, na udongo mweusi unaonuka hadi machozi yanatoka. Kipande kimoja tulikivuta watu watatu kama tunavuta ng'ombe. Kilipotoka, maji yaliyokuwa yamelala nyuma yake yalikoroma na kuondoka mara moja, na wale wanawake wakapiga vigelegele.

Nilifurahi, lakini moyo uliniuma pia. Kalvati hiyohiyo tuliizibua Februari. Mkandarasi mmoja aliyechimba barabara ya pembeni aliacha rundo la udongo juu ya mtaro, akaenda zake, na kila manyunyu yanaurudisha ndani. Nimempigia mara nne. Leo tumelisomba rundo wenyewe kwa toroli la muuza viazi.

Mama mmoja anayeuza samaki aliniuliza, "Musawo, kwani mafuriko si yanatoka mtoni? Mtaro wa soko unahusu nini?" Swali zuri sana. Nikamwambia mto unaua siku moja, na mtaro unaua wiki inayofuata. Maji yakikosa pa kupita yanaingia vyooni, yanatoka na kilichomo, yanaingia kwenye visima na kwenye ndoo. Hapo ndipo kipindupindu kinapopata mlango. Tukarudia pamoja, wote kwa sauti, dawa ya kwanza nyumbani wakati unatafuta njia ya kufika kliniki: lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari visivyojaa kupita kiasi, nusu kijiko kidogo cha chumvi. Mama wa samaki ameandika kwa mkaa ukutani kwa kibanda chake.

Saa saba

Bundu, ugali wa muhogo, na sombe, majani ya muhogo, chini ya mwembe. Mlima umeanza kujifunika.

Saa nane

Shule ya msingi, darasa la tano. Niliwaambia watoto kwamba maji yenye kasi yanayofika magotini yanamwangusha hata baba yao, kwa hiyo mto ukiwa mwekundu hauvukwi, hata kama daftari limebaki ng'ambo. Kisha radi. Juni 2011 radi iliua wanafunzi 18 katika shule moja wilayani Kiryandongo, na watoto wa rika lao lazima walijue hilo bila kutishwa. Tumefanya zoezi: kutoka uwanjani, kuacha mti, kuingia ndani, kukaa mbali na madirisha. Binti mmoja akauliza mbuzi wafanyweje. Nikamjibu wewe kwanza, mbuzi baadaye. Hakuridhika, nilimwona usoni.

Saa kumi

Nimeenda kwa bibi. Nyumba yake ni ya tatu kutoka ukingoni, ya udongo, safi, imepakwa upya. Nimekwenda kwake mara sita msimu huu.

"Karibu mwanangu. Umekuja tena kunihamisha."

"Nimekuja kukusalimu, bibi. Kuhama tutaongea baadaye."

Alinipa kigoda. Mafuriko ya tarehe 1 Mei 2013 yalimchukulia shamba la muhogo. Yale ya Mei 2020, yaliyoharibu pia hospitali ya Kilembe, yalimchukulia jiko na kuku wote. Lakini kaburi la mumewe liko nyuma ya nyumba, halijaguswa hata mara moja, na yeye anaona kwamba mzee anaulinda ua huo. Mtu asiyekaa na watu kama bibi atasema ni ukaidi. Mimi sisemi hivyo. Ukimwambia aache pale unamwambia amwache mume wake peke yake mtoni, na hakuna barua ya ofisi inayojibu hilo.

Kwa hiyo leo sikumwomba ahame. Nilimwomba usiku tu. Akisikia firimbi, atoke, alale shuleni, asubuhi arudi kwa mzee. Tukafunga pamoja mfuko mmoja: kitambulisho, dawa za presha, shuka, tochi, kitabu cha kliniki cha mjukuu. Mfuko tukautundika msumarini karibu na mlango. Kijana wa boda wa jirani amekubali mbele yangu kwamba bibi ni abiria wake wa kwanza.

"Na mbuzi?" akauliza. Ana mmoja, mwenye mimba.

Nikamkumbuka yule binti wa darasa la tano. Safari hii sikusema baadaye. Tulitembea hadi shuleni, tukamwomba mlinzi, akatuonyesha mti wa kumfungia upande wa juu.

Saa moja usiku

Nyumbani. Mlima hauonekani kabisa, umeme wa radi unauchora na kuufuta.

Saa tatu na dakika arobaini

Simu. Sikusikia hata salamu. Alinyoosha tu simu kuelekea mtoni, nikasikia mngurumo kama malori mengi yanapanda pamoja.

"Mawe yanalia, musawo."

Nikampigia mwenyekiti, mwenyekiti akampigia imamu na mwinjilisti. Ndani ya dakika chache kipaza sauti cha msikiti na kengele ya kanisa vilikuwa vinaita pamoja, na vijana wakapita na firimbi. Polisi tuliwapata kwa 999. Nilisimama kwenye njia ya shule na tochi, nikihesabu vichwa. Boda ya tatu kutokea gizani ilimbeba bibi, mfuko umekumbatiwa kifuani, na nyuma yake mjukuu anamvuta mbuzi kwa mbio.

Saa sita na robo

Maji yalipita mstari wa pili. Wa tatu hayakuugusa. Kijana wa ukingoni anasema yanashuka, lakini tumekubaliana hakuna kurudi hadi kupambazuke. Watu 64 wamelala madarasani, nimewahesabu mara mbili. Maji ya kunywa tuna jerikeni tisa, zimetiwa dawa.

Bibi hajalala. Ameketi barazani, shuka mabegani, macho upande wa mtoni.

"Mwanangu, unadhani yamefika kwa mzee?"

"Sijui, bibi. Kukicha tutaenda wote kuangalia."

Akanisogezea nusu ya shuka.