Vile nilimaliza maumivu ya kupasuka nikizala, apa Goma

Ba mama, mutoto wa kwanza alinipasula kidogo uko chini, mukunga akashona na nyuzi zenye zinayeyuka zenyewe, shida ikabakia kukojoa, ilikuwa inachoma, weee! Njo nikaanza kuingia ku choo na kopo ya maji ya vuguvugu, nakojoa huku najimwangia polepole, mkojo inapita bila kuchoma. Kisha napangusa kwa kugusagusa na kitambaa safi, toka mbele kwenda nyuma, sisugui. Mama mukwe alitaka kunikanda na maji ya moto sana, nikamwambia mama apana, kungali kubichi. Parasetamoli, maji mingi, lengalenga na papai juu choo isikuwe ngumu. Ukiona usaha, harufu mubaya ao homa, rudi ku materinite mbio.