Mwigizaji kiziwi aanze siku ya kwanza ya mazoezi

Vikundi vingi vya maigizo ya jamii huwakumbuka viziwi wiki ya mwisho. Mchezo umeshaiva, ndipo anatafutwa mkalimani wa lugha ya alama asimame pembeni, na kazi inaitwa jumuishi. Kiziwi hapo amepewa nafasi ya kutazama tu. Wapo wenye kipaji ambao hawajawahi kuitwa kwenye usaili hata mmoja, na hilo linauma, maana sanaa inayozungumza kwa mwili na uso ni yao hasa.

Aingie tangu siku ya kutafuta kisa. Anzeni na tukio la dakika tatu bila sauti: mama na binti yake kiziwi wako zahanati, nesi anaongea na mama tu. Lirudieni mpaka lieleweke, kisha ongezeni maneno pale yanapokosekana kabisa. Uteuzi wa alama msimwachie mkalimani anayesikia. Usimamiwe na kiziwi mtu mzima anayeifahamu jamii husika, kwa sababu alama za shuleni na za nyumbani hutofautiana.

Wakalimani wawe wawili, wapokezane kila dakika 20 hivi. Mmoja akiachwa peke yake huchoka na kuanza kuruka maneno kabla hajajitambua. Wapewe mchezo wiki moja mapema, na majina ya wahusika yawe na alama zilizokubaliwa.

Viwanjani, jua ndilo huharibu zaidi. Onesho la saa kumi jioni likiwa na jua nyuma ya waigizaji, nyuso zinakuwa kivuli na mikono haisomeki. Watazamaji waipe mgongo magharibi, mwanga uwapige waigizaji usoni. Nguo ziwe za rangi moja inayotofautiana na ngozi. Kitenge chenye maua makubwa humeza vidole. Viziwi wakae mbele, upande ule ule wa mkalimani, wasilazimike kugeuza shingo kati yake na mchezo.

Ngoma hufaa kumpa mwigizaji ishara ya kuingia iwapo jukwaa ni la mbao, kwani mtetemo hupanda miguuni. Kwenye mchanga au saruji msiitegemee. Mpeni ishara ya kuonekana: mwenzake avuke mstari fulani, au atue kapu chini, daima mbele ya macho yake.

Mjadala na watazamaji ndio mgumu kuliko yote. Katika igizo la jukwaa (forum theatre), njia aliyoieneza Augusto Boal wa Brazil, mtazamaji huingia kubadili mwenendo wa kisa. Wanaosikia hudakia haraka, na mkalimani akimaliza sentensi, nafasi imeshachukuliwa. Mwezeshaji azuie: anayetaka kusema anyooshe mkono, naye mwezeshaji asubiri ukalimani uishe, ndipo ateue mmoja kwa wakati. Mkipanga mjadala wa dakika 30, tengeni 45.

Halafu malipo. Kiziwi kupewa nauli na soda wakati wenzake wanalipwa posho ni dhuluma, hata kama mwenyewe amenyamaza. Kiwango kiwe kimoja, kiandikwe, na asomewe makubaliano kwa lugha ya alama kabla ya kusaini. Wakalimani nao walipwe siku za mazoezi. Kwa vikundi vya Kenya, andiko la kuomba fedha linaweza kutaja Ibara ya 7 ya Katiba ya 2010, inayoitaka Serikali kukuza Lugha ya Alama ya Kenya. Bajeti ikipungua, kateni mavazi na vipaza sauti kabla ya kugusa fungu hili.