Lita Moja na Nusu

Nilikuwa mwaka wa tatu wa uhandisi wa ujenzi, na zamu ya kundi letu ya kuvunja michemraba ya zege katika maabara iliangukia Ijumaa saa nane mchana, siku 28 kamili tangu tulipochanganya zege lile kwa mikono yetu. Tulikuwa wanne. Tuliitoa michemraba mitatu iliyobaki katika tangi la maji, tukaifuta, tukaipima uzito, na kila mmoja ulikuwa na kilo nane na kidogo, rangi ya kijivu iliyoiva, pembe zake safi kiasi kwamba mtu angeweza kudhani ni kazi ya mafundi wa siku nyingi.

Tulikuwa tumesanifu zege la daraja la 25, yaani lenye uwezo wa kuhimili angalau newtoni 25 kwa kila milimita ya mraba. Mchemraba wa milimita 150 una uso wa milimita za mraba 22,500, kwa hiyo mshale wa mashine ya kuubana ulipaswa kuvuka kilonewtoni 562, yaani newtoni 562,000, kabla zege halijasalimu amri, tena uvuke kwa mbali, maana katika hesabu zetu tuliweka akiba. Mchemraba wa kwanza ulivunjika kwenye 455. Wa pili, 441. Wa tatu, 462. Kila mara ilisikika sauti nzito, kuta za pembeni zikabanduka, na katikati yakabaki yale maumbo mawili ya piramidi yaliyokutana kwa ncha, jinsi zege linavyopaswa kuvunjika. Kwa hiyo mashine haikuwa na hila na mchemraba haukukaa mshazari. Wastani ulikuwa newtoni 20 kwa kila milimita ya mraba.

Wenzangu walishangaa. Mimi sikushangaa, na hilo ndilo jambo lililonikaa moyoni kwa miaka yote hii.

Siku ya kuchanganya, karatasi yetu ilisema kilo 10 za saruji na lita 5 za maji. Nilikuwa nimeshika koleo kwa zaidi ya nusu saa, na zege lilikuwa gumu kugeuza. Kila nikilipindua lilikatika mapande mapande. Wenzangu wawili walikuwa wamekwenda kupaka mafuta kwenye kalibu za michemraba, na wa tatu, msichana aliyekuwa mwangalifu kuliko sisi sote, alikuwa akisafisha koni ya kupimia slampu, yaani kiasi ambacho zege hushuka koni inaponyanyuliwa. Pembeni yangu palikuwa na chupa ya lita moja na nusu iliyojaa maji. Niliimimina yote. Zege likalainika mara moja, koleo likawa jepesi, nami nikajiona nimewarahisishia kazi wenzangu. Sikuandika popote, wala sikumwambia mtu, kwa kuwa wakati ule nililiona ni jambo dogo mno la kutajwa.

Darasani tulikuwa tumefundishwa vizuri tu. Saruji huhitaji maji yanayokaribia robo ya uzito wake ili kuungana nayo kikemia. Yanayozidi hapo yapo kwa ajili ya kulainisha mchanganyiko, na yakishakauka huacha vitundu vidogo ambavyo jicho halivioni lakini mashine huvihisi. Niliijua kanuni hiyo, na nilikuwa nimeijibu katika mtihani. Ila sikuwahi kuihusisha na chupa iliyokuwa mkononi mwangu, hadi siku ya saba tulipovunja michemraba mitatu ya kwanza tukapata newtoni 13 na nusu. Hapo nikakumbuka. Mmoja wetu akatufariji kwamba zege bado litakomaa, nami nikatikisa kichwa kukubali, kisha nikakaa kimya kwa wiki tatu.

Ijumaa ile kimya changu kikaanza kumwelekea mtu mwingine. Tulipokaa kuandika sababu, kundi liliafikiana kwamba saruji ilikuwa imepitwa na muda, na sentensi hiyo ikaanza kuandikwa. Saruji ile ilitoka katika stoo iliyokuwa chini ya fundi sanifu wa maabara, mtu mzima aliyekuwa akiifunika mifuko kwa turubai na kuiinua juu ya mbao isiguse sakafu. Alikuja akaomba karatasi zetu, akazisoma akiwa amesimama, kidole chake kikishuka mstari kwa mstari, kikasimama kwenye slampu.

"Milimita 120. Nani alipima hii?"

"Mimi, Fundi," akajibu yule msichana. "Nilipima mara mbili."

"Nakuamini. Mlisanifu ishuke kati ya 30 na 60. Lita 5 hazifikishi zege hili 120. Vijana, maji mengine yalitoka wapi?"

Hakupandisha sauti, wala hakumtazama mmoja wetu kuliko mwingine. Nilisikia moyo ukinidunda masikioni. Nikasema, "Niliongeza mimi, Fundi. Chupa moja ya lita moja na nusu." Alitikisa kichwa, akaturudishia karatasi, akaenda kufagia vipande vilivyozagaa chini ya mashine.

Nilitarajia wenzangu wanikemee, nami nilistahili, maana siku 28 za watu wanne zilikuwa zimepotea. Yule msichana hakusema neno. Aliikata ile 5 kwa mstari mmoja mwembamba, namba ya zamani ikiendelea kusomeka, akaandika 6.5 kando yake, akagawa kwa kilo 10 za saruji, na uwiano wa maji kwa saruji ukawa 0.65 mahali palipokuwa na 0.50. Kisha akanisogezea kalamu ili niweke sahihi na tarehe kwenye sahihisho. Sentensi ya saruji ilifutwa. Ripoti tuliyoiwasilisha ilikuwa na newtoni 20 zake zote, pamoja na aya moja niliyoiandika mwenyewe kueleza chupa ile, na mpaka leo naiona kuwa ndiyo kazi yangu ya kwanza ya uhandisi.

Wiki iliyofuata tuliruhusiwa kuchanganya upya. Safari hii maji yalipimwa kwenye mizani mbele ya wote, na slampu ikashuka milimita 40. Zege lilikuwa gumu vilevile kama nililolikumbuka. Niliomba nishindilie mimi: mapigo 35 kwa kila tabaka, matabaka matatu kwa kila mchemraba, michemraba sita. Yule msichana alisimama kando yangu na karatasi yake, akihesabu kwa sauti pigo moja moja, na kila nilipopoteza mpangilio alinirudisha kwenye namba niliyoachia.